Kivuli cha Eldrid

Borgny alikuwa akikaanga maandazi ya jua mwangaza ulipogusa dirisha la jikoni. Tangu mwisho wa Novemba jua halikuwa limevuka mlima. Kwa desturi ya Skuggvik, siku linaporudi shule hufungwa, watoto hukaa ngazini na maandazi yao ya jemu, wakilitazama mpaka lijifiche tena. Jua lenyewe hukaa kiasi cha mtu kumaliza kikombe cha kahawa.

Kila kitu kilipata kivuli chake: chanja za kukaushia samaki aina ya chewa, koleo la theluji, hata paka. Eldrid, bintiye wa miaka saba, hakupata.

"Mama, changu kimechelewa," akasema, jemu mashavuni.

"Hebu simama vizuri."

Akasimama. Theluji miguuni pake ilikuwa nyeupe tupu.

Jirani yao Solfrid aliinama juu ya uzio, akatazama. "Hata Vegar wangu hakupata mwaka jana. Nikadhani ni lile koti lake jepesi."

Vegar alifukiwa na maporomoko ya theluji njiani kwenda shule, majuma mawili baada ya maandazi. Solfrid akalamba sukari kidoleni. "Mshike wako, mwenzangu."

Barabara ya shule ilipita chini ya mlima uleule. Theluji ikizidi, Torleiv, mlinzi wa barabara, alitakiwa kushusha kizuizi, asipite mtu. Lakini malori ya samaki yakipiga honi alikiinua, na basi la shule likayafuata. Kila mtu alijua. Nani hakuwa na mume au kaka katika kiwanda cha samaki?

Borgny akamkokota mtoto mpaka kizuizini, hatua chache tu kutoka mlangoni pake.

"Tazama, kaka Torleiv. Hana kivuli."

Torleiv akamzunguka mtoto kama anayekagua gurudumu. "Kweli hana. Pole."

"Basi kesho usiinue."

"Mama Eldrid, chewa hangoji. Na kama mlima ungeanguka kila unapoogopa wewe, saa hizi tungekuwa tunacheza mpira pale." Akacheka, akampa mtoto peremende.

Theluji ilianguka mpaka kulipokucha. Torleiv alishusha kizuizi. Borgny alificha viatu vya Eldrid ndani ya oveni.

"Wenzangu watanicheka!" Eldrid akalia.

"Wacheke. Anayecheka ana pumzi."

Tangu asubuhi basi lilingoja kizuizini nyuma ya lori la samaki, watoto wakimtolea Eldrid ndimi dirishani. Adhuhuri jua likachungulia. Kizuizi kilikuwa na kivuli. Torleiv alikuwa nacho. Kivuli cha lori kilinyooka mpaka ukingo wa bahari. Chini ya basi theluji ilikuwa nyeupe tupu.

Borgny akatoka mbio na soksi tu miguuni, akipunga mikono, akipiga kelele. Dereva wa basi naye akampungia, kwa adabu. Torleiv akaitazama ile theluji nyeupe, akamtazama Borgny, akaitikia kwa kichwa kwamba ameona.

Lori likapiga honi. Akainua kizuizi.