Mlango wa Upande wa Pili

Nilikuwa nimekata ubavu wa kulia wa basi hadi usawa wa madirisha, shemeji akaingia gereji na kuniambia nisimame kwanza.

"Nisimame vipi? Bati lenyewe linaning'inia hili."

"Nimepita barabara kuu. Trafiki wetu anatupeleka kushoto. Mbele kidogo, askari wao anatupeleka kulia. Nimepita katikati, shemeji, kama mlevi."

Nilivua miwani. Wiki iliyopita nchi jirani iliingia na vifaru, na redio ikatangaza kwamba sasa sisi ni mkoa wake. Mtangazaji alikuwa yuleyule wa matokeo ya mpira, na alisoma kwa sauti ileile. Kwao magari hupita kulia. Kesho asubuhi mabasi yote yanakaguliwa, na lenye mlango kushoto linachukuliwa. Shemeji ana hili moja tu. Mkewe, dada yangu, ndiye kondakta wake.

"Na usukani?" nikauliza. Nao ulikuwa kulia, mbele tu ya pale nilipokuwa nakata.

"Tangazo halikutaja usukani."

"Basi abiria watakupandia mgongoni."

"Waje na mto."

Nikakata. Bati likaanguka, na mwanga ukaingia kutoka upande nisiouzoea. Nikafunga bawaba, nikapachika mlango mpya, nikaufungua na kuufunga mpaka ukaacha kukwaruza. Sasa basi lilikuwa na milango miwili, na upepo ulipita humo kama uchochoroni.

Dada akaja na chakula. Akautazama mlango huu, akazunguka, akautazama ule.

"Nipandie wapi?"

"Popote. Leo bado."

Akapanda kwa mlango wa zamani, ambao chuma chake cha kushikia kimeisha rangi kwa kiganja chake. Akavuka hadi kwenye mpya, akasimama kama anavyosimama kazini, akanyoosha mkono kutafuta chuma. Akashika hewa. Akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Kaka, wakiondoka je?"

"Nani kasema wanaondoka?" shemeji akauliza.

"Nani kasema wanabaki?"

"Redio."

"Si ndiyo hiyohiyo iliyotuambia hawaji?"

Nilisubiri mmoja wao aniambie la kufanya, kumbe wote walikuwa wakinitazama mimi.

Nikalipima bati la kuzibia, nikaliegemeza kwenye mlango wa zamani. Kulichomelea sawasawa ni kuzunguka kingo zote bila kukatisha, halafu kusaga, halafu rangi. Nikagusa pembe ya kwanza kwa moto, doa moja. Nikagusa ya pili, ya tatu, ya nne. Nikazima mashine.

Shemeji akainama kuangalia. "Ndiyo mwisho?"

"Kwa anayeangalia kwa mbali, umezibwa."

"Na anayesogea?"

"Akiuliza, mwambie fundi hajamaliza. Si uongo."

Dada akapitisha kidole kwenye doa lililokuwa limeshapoa. "Na likitakiwa kutoka?"

"Patasi na nyundo. Halichukui muda."

Dada aliiokota patasi yangu sakafuni, akaisukuma chini ya kiti cha mbele. Shemeji alimwona. Akaenda kujaribu honi kama bado inalia.

Nilifunika mashine kwa turubai. Kingo za bati, niliwaambia, tutazitazama kesho wakishakagua.