Masikio ya Tembo wa Kijani

Mteja wa kwanza kabisa alimtaka tembo wa kijani. Binti alipousoma ujumbe kwenye simu alipiga ukelele, hadi mama yake, aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano ya cherehani, akalikosa tundu.

"Nini? Nyoka?"

"Mteja, Mama! Mteja wa kweli! Hata si shangazi!"

Maana mpaka siku hiyo waliokuwa wameingia kwenye duka lake la mtandaoni na kuacha maneno matamu ni shangazi wawili, rafiki yake wa darasani, na mtu mmoja aliyetaka kujua kama wanauza na matairi. Duka lenyewe lilikuwa ukurasa tu ndani ya simu yenye ufa kwenye kioo. Binti alikuwa na miaka kumi na mitano. Alishona wanyama wa kuchezea kwa mkono, kwa vipande vilivyobaki kwenye ushonaji wa mama yake, akawapiga picha dirishani asubuhi mwanga ukiwa bado mpole, kisha akawaandikia tabia zao chini ya picha. Huyu twiga ni mwoga wa ngazi. Huyu kiboko anapenda kuombwa radhi.

Bibi yake, mzaa mama, ndiye aliyewajaza pamba. Alimwita mjukuu wake Mkurugenzi, na alikuwa akilalamika kutwa, kwa raha zake.

"Mkurugenzi, mfanyakazi wako hajanywa chai tangu asubuhi."

"Bibi, umekunywa vikombe viwili, nimekuona."

"Vile nilikunywa kama bibi yako. Kama mfanyakazi, bado."

Basi tembo wa kijani akafungwa kwenye karatasi safi. Jumatatu, baada ya shule, binti akampeleka mwenyewe hadi kwa mnunuzi, kinyozi mmoja wa mtaa wa nyuma ya kituo cha mafuta. Alirudi nyumbani akitembea kama mtu anayekanyaga mito ya pamba. Tembo alikuwa mzuri, lazima isemwe kweli. Kijani cha jani changa, vitone vyeupe vidogo kama punje za chumvi, na masikio makubwa, kila moja sawa na kiganja.

Shida ilianzia kwenye yale masikio.

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa cha kazi. Kulikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye doa kama ramani, na ukuta mmoja uliojaa misumari. Kwenye kila msumari ulining'inia mfuko, na kwenye kila mfuko kikaratasi cha kuonyesha ni wa nani. Humo ndimo mama, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alitia kila kipande kilichobaki cha kitambaa cha mteja, hata kiwe kama kidole. Nguo ikichukuliwa, mfuko nao unachukuliwa. Mteja akisema, "Baki navyo," hapo tu ndipo vipande humwagwa kwenye beseni kubwa la chini ya meza, na binti ana ruhusa ya kuchota beseni lile mpaka alale usingizi ndani yake akitaka.

Kwa miaka yote ya kazi yake, Fundi hakuwahi kumpotezea mtu kipande. Mafundi wengine walimcheka. "Wewe unashona nguo au unatunza makumbusho?" Lakini wateja walimjia kutoka mbali, wakapita milango ya wale waliomcheka.

Kitambaa cha kijani kilikuwa cha Mkunga. Mama huyu alikuwa amezalisha nusu ya vijana wa mtaa ule, binti akiwemo, na sasa alikuwa anastaafu. Wenzake wa kazini walimnunulia kitambaa hicho wakichangiana, ili Jumamosi aagwe akiwa amependeza. Na Mkunga, kila alipochukua nguo, aliupunga mkono kuelekea ule mfuko wake na kusema, "Baki navyo, mama, mie nitavifanyia nini?" Hakuwahi kusema vingine. Kwa hiyo binti alipoliona gauni la kijani limepigwa pasi na kutundikwa, aliona maneno yenyewe ni kama yameshasemwa. Akautungua mfuko, akakata masikio, kiwiliwili na mkonga. Hakuona kosa. Alichoona ni tembo.

Alhamisi alasiri Mkunga akaja kujaribu gauni.

Lilimkaa vizuri kifuani, likamkaa kiunoni. Akainua mikono kama mtu anayecheza, gauni likakataa. Mshono wa kwapani ukalia *trr*.

"Fundi, limenibana hapa. Au ni mimi nimenenepa?"

"Hujanenepa, dada yangu, ni kitambaa kina roho mbaya. Unataka kuinua mikono mpaka wapi?"

"Mpaka juu kabisa! Miaka thelathini nimeinama, Jumamosi sitainama hata kuokota kijiko. Nitacheza."

"Basi nitakuongezea kipande kwapani, huku na huku. Hakitaonekana. Vipande vyako si vipo?" Fundi akanyoosha mkono msumarini, bila hata kugeuka kutazama.

Binti alikuwa mlangoni na sinia la chai. Aliona mkono wa mama yake ukiingia mfukoni, ukazunguka, ukatoka na utepe mwembamba wa kijani na nyuzi mbili.

Fundi aliutazama ule utepe. Kisha, kwa sauti ileile ya upole, akamwambia Mkunga, "Njoo kesho jioni, litakuwa tayari." Akamvua gauni, akamsindikiza hadi nje, akarudi, akaketi kwenye cherehani. Akaanza kukanyaga pedali. Gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka, na chini yake hakuna kitambaa. Mwanawe alijua maana yake. Mama akikasirika kweli hasemi, anashona hewa.

"Usinitazame mimi," Bibi akawahi kusema. "Mie nimejaza pamba tu."

"Ni mimi, Mama," binti akasema. "Nilidhani atasema ubaki navyo. Husema hivyo kila mara."

Pedali ikasimama.

"Husema *yeye*. Alikuwa amesema?"

"Hapana."

"Kile ni kitambaa cha mtu. Dukani kimekwisha, niliuliza mwenyewe walipokileta. Sasa nisikilize. Nahitaji vipande viwili, kila kimoja kama viganja viwili. Visipokuwa juu ya meza hii kesho kabla Mkunga hajaingia, nitamweleza ukweli, aibu nitaibeba mimi. Na hilo duka lako la kwenye simu ulifunge. Sitaki duka la mwanangu liishi kwa vitambaa vya watu."

Hakupandisha sauti. Angepandisha, ingekuwa nafuu.

Binti akaketi ukutani chini ya mifuko, simu mkononi. Aliandika, akafuta. Aliandika tena, maneno marefu yenye samahani nne, akafuta. Mwishowe akamwandikia kinyozi hivi: *Naomba kuja kuyachukua masikio ya tembo. Nitamwekea mengine.* Jibu likaja baada ya muda: *Mimi sina neno. Lakini tembo ana mwenyewe. Njoo ukaongee naye, na ujiandae.*

Ijumaa shule ilipokwisha, binti alikwenda moja kwa moja hadi kwa kinyozi. Chumba kilikuwa kidogo, kina viti viwili vya kunyolea, benchi la wanaosubiri, na harufu ya spiriti na poda. Kwenye kiti cha pili, miguu ikining'inia, alikaa mtoto wa kike wa miaka minne hivi. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upande wa kulia tu. Kumbe mtoto wa kinyozi alikuwa anaiogopa mashine kuliko watoto wote wa wateja, na baba yake alimnunulia tembo ili amshike wakati wa kunyolewa. Katika siku nne walikuwa wamefika nusu.

"Bosi," baba akasema, "mgeni wako huyu."

Bosi akamkumbatia tembo, akamkagua binti toka viatu mpaka kichwani. "Unataka nini?"

Binti alikuwa amekuja na sungura wa waridi, mpya, ndiye aliyekuwa mzuri kuliko wote waliobaki. Akamtoa. "Nimekuletea huyu. Tubadilishane?"

"Huyo simjui."

Watu wa kwenye benchi wakacheka. Binti akamrudisha sungura kwenye mkoba, polepole. Alikuwa ameandaa hadithi njiani, kwamba tembo ni mgonjwa, masikio yake yanataka dawa. Ilikuwa hadithi nzuri. Akamtazama yule mtoto, akaiona haifai.

"Sitamchukua tembo," akasema. "Nataka masikio yake tu. Si yangu. Niliyachukua kwenye kitambaa cha mtu, sikumuuliza, na sasa mwenyewe anayahitaji."

"Uliiba?"

Mashine ya kinyozi ikazimwa. Mzee mmoja wa kwenye benchi akashusha gazeti. Binti akasikia masikio yake mwenyewe yakiwaka moto, akatamani sakafu ipasuke immeze na mkoba wake.

"Sikuuliza," akasema. Kisha akaona halijatosha. "Ndiyo. Ni kama niliiba."

Bosi akafikiri. Alifikiri kwa kutafuna mkonga wa tembo.

"Sasa atasikiaje?"

"Nimekuja na vitambaa vingine. Vya kwangu hivi, nimeruhusiwa. Chagua wewe."

Akavimwaga mapajani mwa mtoto. Bosi alivipekua kama mama mnunuzi aliyebobea, akavinusa, akachagua sikio moja la manjano na moja la bluu, na hakukubali kusikia habari za kufanana. Kisha akatoa sharti. Tembo avikwe shuka la kunyolea kama watu wengine. Akavikwa. Sharti la pili, asiumizwe.

Kinyozi akampa binti wembe mpya, naye akaanza kufumua, uzi mmoja mmoja, maana ukikata kitambaa hapo hakuna kingine. Kila sikio lilikuwa na pande mbili. Likifumuliwa hutoa vipande viwili, na viwili vikiungwa vinatosha kwapa moja. Alikuwa amevipiga hesabu hivyo njia nzima. Mtoto alimshika tembo mkono na kumnong'oneza, "Tulia, dakika moja tu, dakika moja tu," kwa sauti ileile ya baba yake, na benchi zima likaangua kicheko, hata yule mzee.

Masikio mapya yaliposhonwa, Bosi alimgeuza tembo huku na huku. "Anasikia," akatangaza. Kisha akainamisha kichwa upande ambao haujanyolewa. "Baba, na mimi."

Binti alifika nyumbani anahema. Akaviweka vipande vinne vya kijani juu ya meza ya kukatia, akavinyoosha kwa kiganja. Mama alivipiga pasi, akaviunga viwiliviwili, akafumua kwapa za gauni na kuvipachika. Bibi alishika taa ya mezani karibu na sindano, akawa anaelekeza kazi asiyoijua, kama kawaida yake, na hakuna aliyemzuia.

Mkunga alipoingia, gauni lilikuwa bado na joto la pasi. Akalivaa, akainua mikono. Ikapanda mpaka juu kabisa. Akazunguka mbele ya kioo, vitone vyeupe vinaruka.

"Fundi, Mungu akupe maisha! Hata sioni ulipounga."

"Mwanangu ana neno la kukwambia," Fundi akasema, akageukia uzi wake.

Binti akasema yote, kuanzia mfuko mpaka shuka la kunyolea. Alisema akitazama vidole vya miguu ya Mkunga. Alipomaliza, Mkunga alikuwa ameinua mkono mmoja na anajichungulia kwapani.

"Kwa hiyo hapa nina masikio ya tembo?"

"Ndiyo, Mama Mkunga. Nisamehe."

"Ningekupa," Mkunga akasema, taratibu. "Ungeuliza tu, ningekupa kitambaa na peremende juu. Hapo ndipo panaponichoma kidogo." Akamwinua kidevu. "Nimekupokea kwa mikono hii ukiwa mwekundu kama nyanya, unapiga kelele kudai haki zako. Leo unaogopa kuniuliza kipande cha nguo?"

"Sikuogopa. Nilikuwa na haraka."

"Hilo nalisadiki." Akamvuta, akambana kifuani mpaka binti akasikia mshono mpya wa kwapani shavuni mwake. Haukulia.

Mkunga alipoondoka, simu ikatikisika mezani. Alikuwa mtu wa kwenye benchi la kinyozi, anamtaka tembo kwa ajili ya mjukuu wake, mwenye masikio mawili ya rangi tofauti kama yule aliyemwona. Binti alisoma, na kidole kikaenda kwenye herufi. Akakizuia. Badala yake akaisogeza simu hadi chini ya macho ya mama yake, akasubiri amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi mbele ya daftari lake linalosahihishwa.

Fundi alimaliza mshono aliokuwa nao. Akakata uzi kwa meno. Akasoma ule ujumbe mara mbili.

"Mjibu," akasema. "Mwambie rangi tulizonazo kwenye beseni ni hizi na hizi. Akitaka nyingine, alete kitambaa chake mwenyewe, tutamtundikia mfuko."

"Tutamtundikia?" binti akauliza.

"Si nimesema? Au masikio yako nayo yamefumuliwa?"

Bibi akaitua taa mezani. "Na pamba je? Mbona mie siulizwi? Katika kampuni hii watu wanapitisha mambo makubwa bila kuwashirikisha wafanyakazi."

"Bibi," binti akasema, huku tayari anaandika, "naomba pamba."

"Haya," Bibi akasema. "Nitafikiria."