Waifai ya Matanga

Simu ilikuwa imelazwa juu ya madhabahu ya marehemu, kati ya glasi ya maji na picha yake, inachaji.

Yanilda aliitazama kwa muda kabla ya kuigusa. Waya wake ulipitishwa chini ya shuka jeupe hadi kwenye soketi ukutani, na aliyeupitisha alikuwa ameusukuma msalaba pembeni ili apate nafasi. Kioo kilikuwa na alama za vidole vyenye mafuta ya mbuzi. Aliishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeshika mkia wa panya aliyekufa, akaiweka juu ya kiti.

"Aa, shoga, iache palepale," alisema Dulce, jirani wao wa ukuta kwa ukuta, bila kuinuka. "Iko asilimia kumi na mbili. Marehemu hana neno, alikuwa mtu wa watu."

Marehemu hakuwa mtu wa watu. Mzee Milcíades alikuwa karani mstaafu wa ushirika wa ndizi, mkimya, mwenye kupenda mlango wake ufungwe, na huyu Dulce alipita mbele ya kibaraza chake miaka na miaka bila hata salamu. Leo ilikuwa siku ya tisa tangu azikwe, siku ya kufunga matanga, na Dulce alikuwa hapo tangu asubuhi. Wote walikuwa hapo. Mtaa mzima ulikuwa umejaa sebuleni, kibarazani, uani na juu ya ukuta wa nje, kila mmoja ameinamisha kichwa. Mpita njia angedhani wanasali.

Mnara wa simu wa upande ule wa mji wa Azua ulikuwa umeharibika wiki nzima. Nyumba ya msiba ilikuwa na waifai. Na Radhamés, mtoto wa kiume wa marehemu, alikuwa ameandika neno la siri kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi, akakiegemeza kando ya picha ya baba yake, pale ambapo watu wengine huweka kadi ya sala.

Yanilda hakuzaliwa katika nyumba ile. Aliletwa akiwa na miaka saba, mtoto wa kulelewa, akasoma mpaka darasa la sita, kisha akabaki na jiko na wazee wawili. Alichojua alikijua kwa kutazama. Fundi alipokuja kufunga ruta, kisanduku kinachogawa waifai, yeye ndiye aliyemshikia ngazi, na macho yake yalifuata kila alichobonyeza. Mzee alimwambia fundi asiiache mikono wazi, igawe namba ishirini tu, kwa kuwa alizijua tabia za majirani. Baada ya hapo mzee na Yanilda walijifunza pamoja, jioni kwa jioni, kwenye kompyuta kuukuu iliyoungwa kwa waya chumbani. Kila simu inayoingia, mzee alimweleza, inapewa namba yake, kama mgeni wa shughuli anavyopewa sahani. Sahani zikiisha, mgeni anakaa mezani na njaa yake.

Saa nane mchana Yanilda alitoa tableti ya mzee kabatini, akaifuta, akaiwasha. Saa tisa kamili rozari ya mwisho ingeanza, na kule Madrid, ambako ingekuwa saa mbili usiku, Deyanira angekuwa ameketi kwenye kitanda cha chumba cha watumishi akisubiri. Deyanira alikuwa binti wa pekee wa marehemu. Alikuwa akimtunza ajuza wa Kihispania, hana karatasi za ukaazi, na akitoka nchi ile harudi. Siku ya mazishi hakuona kitu, maana Radhamés aliyeahidi kumwonyesha alikumbuka jeneza likiwa tayari limeshafukiwa. Leo mwajiri wake alikuwa amempa saa moja, na ndani ya saa hiyo madhabahu ingevunjwa, mshumaa ungezimwa, na roho ya baba yake ingepishwa mlangoni iende zake. Jambo hilo halirudiwi. Usiku uliopita alikuwa amemwambia Yanilda maneno machache tu: "Mimi nataka nimwone akitoka, mdogo wangu. Basi."

Tableti ilishika waifai, lakini haikufungua kitu. Yanilda aliingia kwenye mipangilio akatazama namba. Ilianza na mia moja sitini na tisa, namba ambayo tableti hujipa yenyewe ikikosa wa kuipa. Mgeni hajapewa sahani, anakula kiganjani.

Hakukurupuka. Alianza na mwanzo, kama mzee alivyomfunza, akapanda kwenye stuli kukagua ruta na waya zake. Ruta ilikaa juu ya kabati la vyombo, ina joto kama tumbo la mnyama. Alipoiinua, mende walimwagika kutoka kwenye matundu ya hewa, wadogo, wekundu, wengi, wakimkimbilia mkononi mpaka kwenye kiwiko. Wengine walibaki humohumo kwenye joto, hawataki kutoka hata wakitikiswa. Alikaza meno asipige kelele kwenye nyumba ya msiba. Aliuchomoa waya wa umeme ili aikung'ute dirishani na kuipangusa kwa kitambaa chenye siki.

Hapo ndipo aliposikia kilio.

Kwa siku tisa hakukuwa na kilio kama hicho. Ruta ilipozimwa, sebule yote iliguna kwa pamoja, guno lililotoka tumboni. Kibaraza kikaitikia, na juu ya ukuta mtu mzima akapiga paja lake akisema, Mungu wangu, kwa nini sasa. Siku jeneza lilipotoka mlango huohuo, watu walikuwa wamekohoa tu. Yanilda alisimama pale juu ya stuli akiwatazama, na akawaonea kinyaa kuliko mende.

Alipourudisha waya, taa za ruta zilirudi. Kabla hajashuka, namba zote ishirini zilikuwa zimeshanyakuliwa, na tableti ilikuwa imejipa tena ile yake ya mia moja sitini na tisa.

Aliingia chumbani, akafungua ukurasa wa ruta kwenye kompyuta. Mashine ile ilikuwa na namba yake ya kudumu nje ya zile ishirini, lakini haikuwa na kamera wala spika, kwa hiyo Deyanira asingeona kitu kwayo. Orodha ikatokea. Simu ya Dulce. Simu ya mume wa Dulce. Mtu aliyejiita Mfalme wa Azua, ambaye Yanilda alimjua ni muuza gesi, na ambaye hajavuka kizingiti tangu matanga yaanze. Televisheni ya nyumba ya pili, iliyokuwa ikinasa waifai kupitia dirishani. Watoto watatu wa mtu mmoja. Simu ya Radhamés, na simu ya pili ya Radhamés.

Alimfuata Radhamés uani. Alikuwa amesimama katikati ya meza za domino na shati lake jeusi lililopigwa pasi, anapokea pole kama mtu anayepokea hongera. Yanilda alimweleza taratibu kwamba nafasi zimejaa, dada yake hataingia, awaombe watu kumi tu wazime simu kwa saa moja.

"Nikawaambie wageni wazime simu?" alisema Radhamés, akitabasamu kwa ajili ya waliokuwa karibu. "Yanilda, tazama huu umati. Msiba wa wengi ni harusi. Wewe umewahi kuona matanga Azua yamejaa hivi?"

"Kaka, wamejaa kwenye ruta. Kwa baba yako hakuna mtu."

"Umelelewa humu, hukuzaliwa humu. Usinifundishe heshima ya baba yangu. Deyanira ataonyeshwa picha, nimepiga nyingi."

Akamgeukia muuza gesi, akamkumbatia.

Yanilda alirudi ndani, lakini bado alitafuta njia isiyomfukuza mtu. Nyumba inayofukuza waombolezaji hunenwa miaka kumi, na maneno yale yangemwangukia Mama Fidelina, mjane, aliyekuwa ameketi mbele ya madhabahu na leso mapajani, hajui hata boksi lile limeandikwa nini. Basi akaingia tena kwenye ukurasa na kuongeza sahani. Pale penye ishirini akaandika mia moja na hamsini, akahifadhi. Ruta ikajizima na kujiwasha, guno likapita tena nyumbani, na safari hii tableti ikapata namba yake halali. Aliibusu.

Saa tisa kasoro dakika tano uso wa Deyanira ukatokea. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani na kujipaka poda, kama mtu aliyekuja kwa miguu yake.

"Yanilda. Nawaona. Mama yuko wapi?"

Kabla hajajibiwa, uso ukakatika vipande vipande, jicho huku, mdomo kule, ukaganda. Yanilda alielewa mara moja. Waliokosa namba nao walikuwa wamezipata, wakapigiana kelele ukutani kwamba sasa inashika, njooni. Sahani zilikuwa zimeongezeka, chungu ni kilekile. Nje watu walikuwa wakitazama mchezo wa besiboli kila mmoja kwenye simu yake, mchezo mmoja, simu arobaini. Mwingine akasema kwa sauti kwamba inakwama-kwama, nyumba kubwa hivi na intaneti ya kimaskini.

Bibi Eufemia, mwenye kuongoza rozari, akapiga makofi mara mbili na kuanza. Sauti za kuitikia zilikuwa tatu. Yanilda alishika tableti mbele ya kifua chake kuelekea madhabahu, na kila baada ya muda aliigeuza kutazama. Uso ulikuwa umeganda kwenye pozi moja la kuuliza. Maneno yalitoka kwa kukatika: "...sioni... Yanilda, sio..."

Fumbo la kwanza likapita, la pili, la tatu. Yanilda akageuza macho kuelekea mlangoni. Kwa desturi ya nyumba ile, kutoka madhabahu mpaka mlangoni huachwa njia nyeupe, isiyo na mtu wala kiti, ili aliyekufa apite. Njia ile ilikuwa imejaa miguu. Vijana wawili walikuwa wamekaa kwenye kizingiti chenyewe kwa kuwa hapo ndipo waifai ilipokuwa na nguvu, na kati yao palikuwa na sahani ya wali wa mbaazi iliyobakia mifupa ya mbuzi iliyomung'unywa. Mmoja akautema mfupa sakafuni, mahali hasa ambapo mzee Milcíades angekanyaga, bila kuinua macho.

Yanilda akaegemeza tableti kwenye kiti mbele ya Mama Fidelina, akaenda chumbani, akakaa mbele ya kompyuta ya mzee. Hakuwa na hasira tena. Alifungua sehemu ya neno la siri, akalifuta lile la kwenye boksi, herufi moja moja, akaandika jingine ambalo hakuna mtu aliyekuwa hai, isipokuwa yeye, aliyelijua. Akahifadhi.

Guno la tatu lilikuwa refu. Kisha simu zikainuliwa juu, zikashushwa, watu wakalitazama boksi, wakaandika upya, wakatazamana. Yanilda alirudi sebuleni, akaingiza neno jipya kwenye tableti na kuielekeza tena madhabahuni. Alisikia mtu wa kibarazani akisema imekufa, mwingine akisema labda mnara umerudi, twendeni tukajaribu juu kule. Viti vikakwaruza. Meza za domino zikanyamaza. Vijana wa kizingitini wakasimama, wakajipangusa mikono kwenye pazia la mlango, wakaondoka na kuiacha sahani. Kufika fumbo la tano sebule ilikuwa karibu tupu, ina vikombe vya kahawa vilivyozimiwa sigara.

Radhamés aliingia na simu mkononi, uso umemwiva.

"Umefanya nini wewe? Unaniaibisha mbele ya watu?"

"Watu gani?" aliuliza Mama Fidelina.

Aliinuka, akakichukua kile kipande cha boksi kando ya picha ya mumewe, akainama nacho taratibu kwa magoti yake mabovu na kuzoa mifupa iliyokuwa kizingitini. Akamkabidhi mwanawe vyote pamoja. Radhamés alisimama amevishika, hajui aviweke wapi.

Uso wa Deyanira ulikuwa umetulia sasa, mzima, hata machozi yalionekana.

"Radhamés aliniambia mtaa wote uko hapo," alisema. "Mbona simwoni mtu? Watu wako wapi?"

Yanilda aliizungusha tableti polepole. Mama Fidelina. Bibi Eufemia. Mkwe wa Bibi Eufemia aliyembebea vitabu. Radhamés na boksi lake. Mwisho akaigeuza na kujionyesha yeye.

"Waliokuja kwa ajili yake ni hawa, dada," alisema. "Wengine walikuja kwa ajili ya ruta."

Deyanira akaitikia kwa kichwa mara moja. "Basi nihesabu na mimi."

Wakavunja madhabahu. Maua yalitolewa, kisha msalaba, kisha picha. Shuka likakunjwa, na ndani ya mikunjo yake wakalikuta doa la mafuta; Yanilda akalikunjia ndani Deyanira asilione. Mshumaa ukazimwa. Wote wakasogea pembeni, na Yanilda akaielekeza tableti kwenye ile njia nyeupe mpaka mlangoni na jua la nje. Kule Madrid binti alimwambia baba yake maneno ambayo Yanilda, kwa heshima, aliyageuzia kichwa.

Yalikuwa yamebaki maji ya marehemu, ambayo humwagwa dirishani yakiwa ya mwisho. Yanilda alichukua glasi, akasogeza pazia. Nje ya dirisha, uso karibu na nondo, alikuwa amesimama Dulce, na waya wa kuchajia umemning'inia shingoni.

"Pole sana kwa msiba, mwaya," alisema Dulce kwa sauti laini ambayo hakuitumia hata mara moja kwa siku zote tisa. "Mungu ampumzishe mzee. Hivi, neno la siri limebadilika?"

"Nani huyo?" aliuliza Deyanira.

"Hakuna mtu, dada." Yanilda aliinua glasi. "Sogea, Dulce. Maji yanamwagwa."