Shamba Halijavunwa

Mwaka huo mvua ilikuwa na kichaa. Ilinyesha Novemba watu wakapanda, ikakatika mwezi mzima, ikarudi Januari kwa hasira ya kung'oa mabati. Mwishoni mwa Februari, wakati watu wa Masumbwe wameshaikatia tamaa, ikashika adabu: manyunyu ya jioni, asubuhi ukungu bondeni. Ndipo msichana Mageni alipoingia katikati ya mahindi ya mama yake, upande wa chini karibu na bonde, akafukia mbegu mbili za maharage kwenye kila shina la hindi.

Hayakuwa maharage ambayo watu wa kule wameyazoea. Mbegu zake zilikuwa kubwa kama ncha ya kidole gumba, za zambarau zenye madoa meusi. Alipewa na mama yake mkubwa, Ritha, aliyeolewa Kasulu, huko juu ambako mtu analala na mablanketi mawili. Ni maharage ya kutambaa. Hayatulii mpaka yapate kitu cha kupandia.

"Huko kwenu hayazai," mama mkubwa alimwonya. "Joto likiyakuta na maua, maua yote chini."

Mageni aliliwaza neno hilo siku nyingi. Hakuwa mtu wa kusema. Shule aliiacha darasa la tano, na mpaka leo akiulizwa jambo mbele za watu huangalia vidole vyake vya miguu. Lakini kuwaza aliwaza. Kama joto ndilo adui, basi maua yatoke Mei, asubuhi zikiwa na ubaridi. Na kama yanataka miti ya kupandia, na miti yote ya karibu imeshakatwa kuwa matimba ya kushikilia mashimo ya dhahabu, basi mabua ya mahindi yatakuwa miti.

"Haya," alisema mama yake, Mariana. "Robo eka hiyo ni yako msimu huu. Yakizaa, ni yako na mwakani. Yasipozaa, kaka yako Enock anaweka pamba."

Yakaota. Mageni akayachuma majani ya chini ya mahindi ili jua lipenye, na kila kikono cha mmea kilichopotea njia akakishika na kukielekeza kwenye bua. Aprili wakavunja mahindi na kuyabeba nyumbani, lakini mabua hayakukatwa. Yalibaki yamesimama, makavu, yamezungukwa na kijani kuanzia chini mpaka juu. Mei maua yakatoka, mekundu kama kitambaa cha harusi. Likaja jua kali siku tatu, maua yakaanza kudondoka. Mageni akachota maji bondeni, ndoo kwa ndoo, akimwagia mashina jioni. Siku ya nne ubaridi ukarudi, na maua yaliyobaki yakageuka maganda.

Sasa yalihitaji wiki tatu tu yakauke.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida, maana kule mahindi yakishavunjwa, shamba si la mtu tena. Ni la ng'ombe. Nzengo, yaani umoja wa majirani, hutangaza siku, na kuanzia siku hiyo ng'ombe wa mtu yeyote huingia popote kula mabua mpaka mvua nyingine. Ndivyo ilivyo tangu enzi za mababu, na hakuna aliyewahi kuuliza. Mwaka huo siku ikatangazwa: Jumatatu.

Jumatatu saa mbili asubuhi mzee Mwigulu akatokea na ng'ombe wake arobaini na kitu. Alikuwa jirani wa ng'ambo ya kijito, mtu wa kicheko kikubwa. Akamkuta Mageni amesimama kwenye njia ya kuingilia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Pisha watoto wangu wapate kula."

"Hili shamba halijavunwa, baba."

Mwigulu akanyoosha shingo. "Mahindi yako wapi?"

"Nyumbani."

"Yametembea yenyewe?"

"Tumevunja mahindi," alisema Mageni, akiangalia chini. "Shamba hatujavuna. Kuna maharage."

"Maharage!" Mwigulu akacheka mpaka ng'ombe wa mbele wakasimama. "Maharage yako chini, mwanangu, kwenye goti. Hayo yaliyopanda juu ni kamba. Tena kamba tamu, ng'ombe watafurahi." Akapiga mluzi.

Ng'ombe wakaja. Mageni akatanua mikono, lakini mikono miwili haizuii kundi. Mtamba mmoja mwekundu akampita ubavuni, akauma mmea mmoja na kuvuta, na mabua matatu yakaanguka pamoja, maganda yote yakiwa juu yake. Mageni akaokota bua moja akamchapa usoni. Akamchapa tena. Mtamba akageuka akikoroma, na waliokuwa nyuma yake wakageuka naye.

Kumpiga ng'ombe wa mtu usoni, mwenyewe akiwa amesimama pale, ni kama kumpiga mwenyewe.

"Umempiga ng'ombe wangu," alisema Mwigulu taratibu. Hakuwa anacheka tena.

"Nimempiga."

"Nakupeleka nzengo."

"Nipeleke, baba."

Aliondoka na kundi lake. Mageni akakaa chini pale pale, kando ya mabua yaliyoanguka.

Kikao kilifanyika kesho yake, mbele ya ghala la zamani la pamba. Wanaume walikaa kwenye benchi, wanawake chini kwenye kanga. Mwenyekiti wa nzengo, Wiliam, fundi baiskeli mwenye vidole vyeusi kwa grisi, akamwuliza Mageni anajitetea vipi. Mama yake akataka kunyanyuka amsemee. Mageni akamshika kanga akamrudisha chini. Akasimama yeye, na bua mojawapo lililoangushwa, maharage yakiwa bado yamelizunguka.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ameleta kuni," watu wakacheka. Masikio yake yakawa ya moto.

"Naomba kuuliza," alisema hatimaye. "Mtu akishavunja mahindi, chini akawa na viazi. Ng'ombe wanaingia?"

"Hapana," alijibu Wiliam. "Viazi ni vya mtu. Watakanyaga matuta."

"Viazi mnaviona?"

"Havionekani, viko ardhini."

"Basi msivyoviona mnaviheshimu." Aliinua lile bua. "Hivi mnaviona. Hivi ni viazi vya juu."

Wanawake ndio waliocheka kwanza, na safari hii hawakumcheka yeye. "Viazi vya juu!" mmoja alirudia akipiga paja. Hata Wiliam akauma midomo.

Mwigulu akanyanyuka. "Tusichezewe na mtoto. Desturi inasema mahindi. Leo ataacha maharage, kesho mwingine ataacha maboga, ng'ombe wangu watakula matangazo?"

Lilikuwa neno la haki. Wanaume wakanong'onezana. Mwisho Wiliam akatoa uamuzi: shamba la Mageni lisiguswe mpaka Jumatatu ijayo, na Mageni amwombe mzee radhi kwa kumpiga mtamba.

"Wiki haitoshi," alisema Mageni.

"Ndiyo uliyopewa."

"Yanataka wiki tatu. Maharage hayajui kikao." Akaliweka bua begani. "Na radhi siombi. Akija tena nitampiga tena. Shikamooni."

Akaondoka. Nyuma yake kelele zikapanda, na juu ya kelele zote aliisikia sauti ya mama yake ikisema, "Kuongea si hajui? Leo mmemfundisha wenyewe."

Jumatatu iliyofuata Mageni alikuwa shambani kabla ya jua, amekata miiba na kuilaza njiani, naye amekaa nyuma ya miiba na uji kwenye kopo. Mwigulu akaja na kundi. Akaitazama miiba. Haikuwa kitu, ng'ombe kumi wangeivuka. Akamtazama msichana.

"Utakaa hapo mpaka lini?"

"Mpaka yakauke."

"Mvua ikija?"

"Itaninyeshea."

"Mimi nimepewa ruhusa ya kikao, unajua?"

"Najua. Pita, baba, kama unapita."

Mwigulu akaugusa mwiba wa kwanza kwa fimbo. Kisha akalaani kwa Kisukuma, akageuza ng'ombe kuelekea mashamba ya juu. Kesho yake hakuja. Keshokutwa alipita mbali, akaangalia, asisalimie.

Wiki mbili Mageni alikula kule, na kulinda kule, mpaka asubuhi moja alipotikisa ganda likalia. Walichuma siku tatu, yeye na mama yake. Enock alikuja siku ya pili, akatazama magunia, akachukua kikapu bila kusema habari ya pamba.

Ganda la mwisho lilipong'olewa, Mageni alinawa miguu, akavuka kijito mpaka nyumbani kwa mzee Mwigulu. Akamkuta anakamua.

"Shikamoo."

Mzee aliendelea kukamua. "Marahaba."

Mageni alimtazama machoni. "Sasa limevunwa. Leteni ng'ombe."