Mwanya wa Jirani

Kocha Wexler aliisimamisha video pale pale Lavelle Gaines alipokuwa hewani, mikono imemzunguka mkimbiaji kiunoni, miguu yote miwili haigusi nyasi. Watu wakapiga makofi. Mmoja wa nyuma akapiga mluzi na kupaza sauti, "Babu kapaa!" Lavelle alijikaza asitabasamu, maana mtu mzima hachekelei sifa zake mbele za watu.

"Kosa," Wexler akasema.

Makofi yakakatika.

"Tangu lini kumwangusha mtu ni kosa?" aliuliza Garth Brandvold, aliyekaa bega kwa bega na Lavelle kama walivyokaa misimu yote.

"Kumwangusha kwenye mwanya wa mwenzako ndiyo kosa." Wexler akawasha kitochi chake, doa jekundu likatambaa ukutani mpaka mahali palipobaki patupu nyuma ya Lavelle. "Hapa ndipo kwako, Gaines. Nani yupo?"

"Hakuna mtu, kocha."

"Hakuna mtu. Leo mkimbiaji hakupaona. Ijumaa tunacheza na Omaha. Wao watapaona."

Mpira wa Kimarekani ukiuvua mbwembwe zake ndio huo. Mabwana wanene wa mbele wanasukumana, kati yao nyufa zinafunguka, na nyuma yao wanasimama walinzi wa mstari wa pili, kila mmoja na mwanya wake wa kuziba. Lavelle husimama katikati, Garth kushoto kwake. Mwizi, yaani mkimbiaji mwenye mpira, akiingia kwa jirani, hiyo ni kesi ya jirani. Kusema ni rahisi, lakini Lavelle hakuwahi kucheza hivyo hata msimu mmoja tangu ajiunge na timu yao, Wahunzi wa Toledo, Ohio. Alikulia Alabama kwa mama aliyekuwa akimaliza kufagia uwanja wake anafagia na wa jirani, na mwanawe naye akakua hajui kukaa wakati kuna kazi inaonekana. Kocha wa zamani, mzee Hargis, kabla hajafukuzwa kwa msimu wao mbovu, alipenda kusema, "Lavelle hana mlango, ana nyumba nzima." Mji ulimpenda kwa hilo hilo. Muuza soseji wa karibu na mto alimchora ukutani, mkubwa kuliko dirisha.

Sasa amekuja huyu, mtu ambaye uwanjani hajawahi kuvunjika hata kidole, anamwambia juhudi yake ni kosa. Hasira zilimpanda Lavelle mpaka masikio yakawaka. Mtu akikutukana kwa uvivu unaweza kumcheka na kumwonyesha kazi yako. Akikutukana kwa bidii, utamwonyesha nini?

Baadaye Wexler alimsimamisha koridoni. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hilo ndilo lililomuudhi Lavelle zaidi.

"Sina ugomvi na wewe. Lakini Jumapili tunachuja, na unajua wanavyobaki wachache. Ijumaa dhidi ya Omaha nataka nikuone umekaa kwako. Ukitoka mara moja tu kwenda kufanya kazi ya mtu, nitajua huwezi, na nitamchukua anayeweza."

"Na mpira ukipita kwa jirani, kocha?"

"Upite."

Lavelle alikuwa na miaka thelathini na minne. Katika mpira huo, mwenye umri kama huo akiachwa na timu yake simu haiiti tena. Kazi nyingine hakuijua wala hakuitaka. Alimtazama yule bwana akiondoka na kikombe chake cha kahawa, akajiambia: kukaa tu, nani atashindwa kukaa?

Lakini alijua ni nani atakayeumia akikaa. Nyonga ya Garth ilikuwa imekwisha. Daktari hakuwa amesema, wala Garth mwenyewe. Lavelle ndiye aliyeona, msimu wa juzi, kwamba rafiki yake akitakiwa kugeuka kushoto kwa ghafla anachelewa, si sana, kiasi cha mtu anayetafuta funguo mfukoni. Tangu hapo Lavelle akawa anaondoka kwake mapema kidogo, anaelekea kushoto, na mpira uliompita Garth unaishia kifuani pake. Hawakulizungumza kamwe. Garth ndiye aliyemwendesha toka Ohio mpaka Alabama siku mama yake Lavelle alipofariki, kwa sababu Lavelle alikuwa analia hawezi kushika usukani. Mtu wa namna hiyo humpelekei taarifa ya nyonga yake. Unamkingia kifua na kunyamaza.

Baada ya mazoezi wawili hao walikaa kwenye mapipa yao ya barafu, maji yamewafika kifuani, meno yakigongana.

"Mfanyie anachotaka," Garth akasema. "Anataka ukae, kaa. Kaa kama bibi harusi."

"Nikikaa, wewe je?"

"Mimi nina nini?"

"Nauliza tu."

"Hapana, sema. Mimi nina nini?" Garth, mtu wa Dakota Kaskazini, mweupe kama maziwa, alikuwa amegeuka mwekundu, na si kwa baridi. "Kwa hiyo unadhani unanibeba?"

"Nani kasema kukubeba, kaka?"

"Basi usinihurumie. Lango langu ufunguo ninao mwenyewe."

Maneno yalikuwa yamefika mpaka kwenye meno ya Lavelle. *Huna, Garth. Nyonga yako imekufa.* Akayatazama yale macho ya buluu yaliyojaa ubishi, akayameza yote. Badala yake akasema, "Unanuka kama farasi, lakini," na Garth akamrushia barafu, wakacheka.

Ijumaa Omaha walikuja na mkimbiaji mfupi, mnene wa mapaja, ambaye alianza matusi kabla ya filimbi. "Babu, umekuja na dawa zako?" alimwambia Lavelle.

"Nimekuja na zako pia," Lavelle akajibu.

Robo ya kwanza ilikuwa adhabu tupu. Kila mpira ukichezwa miguu yake inataka kwenda, na kila mara anaikatalia. Aliona watu wakianguka na kuangushwa huku yeye kasimama kama mlinzi wa benki, na mashabiki waliozoea kumwona kila mahali wakaanza kuulizana. "Gaines, umelala?" mmoja alipiga kelele toka safu za chini. Lavelle alimsikia vizuri sana.

Kisha ikaja ile ya robo ya pili. Mkimbiaji alichukua mpira, akaelekea kwa Garth, na wanene wote wa Omaha wakaelekea huko pamoja naye. Miguu ya Lavelle ikaanza safari. Akaikamata. Na papo hapo yule mfupi akakunja kona, akarudi katikati kwa kasi yake yote, akitarajia mlango wazi, akamkuta mwenye nyumba. Lavelle alimpiga kwa namna ambayo uwanja mzima ulisema "Uuh!" kwa sauti moja. Hakuna dawa aliyotajiwa tena.

Alipoinuka alitazama pembeni. Wexler hakushangilia. Aliinua kidole gumba mara moja na kuendelea kutafuna kalamu. Na Lavelle, potelea mbali, alifurahi. Ule mchezo ulitungwa kumtoa yeye kwake, na miaka yote ungemtoa. Kumbe yule bwana wa kahawa alikuwa anajua anachokisema. Ni vigumu kumchukia mtu aliyekufundisha kitu ukiwa na mvi, na Lavelle alijaribu lakini akashindwa.

Ikabaki robo ya mwisho, Wahunzi wanaongoza kidogo, Omaha wanakaribia. Lavelle aliinama, akasoma. Kisigino cha mnene wa kulia wa Omaha kilikuwa kimeinuka, na macho yake yanakwepa upande mmoja. Huyo anakwenda kwa Garth, na safari hii si danganya toto.

"Kushoto!" Lavelle alipiga kelele. "Garth, kushoto, kushoto!"

Garth alisikia. Lavelle aliona kichwa kikigeuka, na mabega yakifuata, na nyonga ikibaki. Mkimbiaji alikuwa anakuja. Kutoka alipokuwa Lavelle ilikuwa hatua mbili na kuruka kumoja, jambo alilolifanya mara nyingi kuliko alivyokula mkate. Akafikiria Jumapili. Akaichimba miguu yake kwenye nyasi na akakaa. Yule mfupi akapita karibu kiasi cha kuweza kuguswa, akamwacha Garth kwenye goti moja, na hakusimama mpaka mwisho wa uwanja.

Garth aliinuka akajipangusa. "Nimeteleza," akasema.

"Nimeona," Lavelle akasema. Nyasi zilikuwa kavu.

Siku ya mchujo hupita mtu mmoja katika chumba cha kubadilishia nguo, na wachezaji tangu enzi za babu zao humwita Mturuki. Kwa nini Mturuki, usiniulize. Kazi yake ni kugusa bega na kusema kocha anakuita, njoo na tableti yako yenye michoro ya mchezo. Sisi tungemwita Ziraili tukamaliza maneno. Jumapili asubuhi aliingia na viatu vyake vya raba, taratibu, na kila alipopita watu walijifanya wanafunga kamba. Alikuja moja kwa moja kwenye benchi walilokaa Lavelle na Garth. Lavelle alikaza macho sakafuni. Viatu vikamfikia, vikasimama, vikasogea kidogo.

"Brandvold," Mturuki akasema.

Kitu cha kwanza alichohisi Lavelle kilikuwa raha. Ilimwingia mwili mzima kama maji ya moto, na ilipokwisha kuingia ndipo akaona aibu, akatamani kujipiga ngumi. Garth alikuwa bado anamtazama Mturuki kama mtu aliyesomewa jina la mwingine.

Lavelle alimkuta Wexler mlangoni pa ofisi yake, akamziba njia.

"Mpira mmoja tu, kocha! Mtu kaharibu mpira mmoja!"

"Mmoja?" Wexler alishusha kikombe. "Kabla sijaja hapa nilitazama video zenu za misimu miwili. Nilikuwa namtafuta Brandvold, nijue ni mchezaji wa namna gani. Sikumwona. Kila nilipomtafuta nilikuona wewe. Nilihitaji usimame pembeni nimwone." Kisha akasema kwa upole, "Mazoezi saa tano. Mkiwa uwanjani, wewe ndiye utakayewapanga wenzako."

Hiyo ndiyo nafasi ambayo Lavelle hakuwahi kupewa hata na mzee Hargis. Alisema asante, kwa sababu mdomo ulizoea adabu, akatoka nje.

Garth alikuwa kwenye maegesho, anatupia vitu vyake nyuma ya gari, vyote vimo ndani ya mfuko mweusi wa takataka. Lavelle akaushika upande mmoja. Wakauingiza pamoja.

"Wamenipiga picha ya nyonga kabla ya kunitoa," Garth akasema. "Daktari ameuliza nimeumwa tangu lini. Nikamwambia tangu mwezi uliopita. Akacheka. Anasema hii ni ya miaka miwili, na kwamba ningekuja wakati ule, wangeishona ningerudi." Aliufunga mlango wa nyuma, haukushika, akaufunga tena. "Wewe ulijua lini?"

Lavelle angeweza kudanganya. Alikuwa na mazoea.

"Msimu wa juzi."

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema afanyweje rafiki anayekufichia maradhi wewe mwenyewe. Garth aliegemea gari. Ile hasira ya kwenye barafu Lavelle aliisubiri, angeipokea kwa mikono miwili, lakini haikuja.

"Mimi nilidhani bado naweza," Garth akasema. "Nilikuwa nasikia maumivu, ndiyo, nani hasikii? Lakini mpira ukinipita naona umeishia kwako, najiambia, vizuri, nimemsukumia Lavelle. Nilijisifu, unajua? Nilimwambia mke wangu tunacheza kama mtu mmoja." Akajifuta uso na kiganja. "Mbona hukuniambia, kaka?"

"Niliogopa utaumia."

"Haya, nimeshaumia. Sasa niambie. Nilikuwa mbovu kiasi gani? Usinifiche hata moja."

Filimbi ya saa tano ikalia uwanjani. Vijana walikuwa wanajipanga, na katikati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Wexler alitoka ukingoni mwa uwanja, akakinga jua kwa mkono, akatazama kuelekea maegesho. Lavelle alimwona. Akaketi juu ya bampa la gari, Garth akaketi kando yake, naye akaanza na mechi ya Louisville, msimu wa juzi, mpira wa kwanza kabisa uliompita.