Miche Isiyo na Vichwa

Vitunguu saumu havingoji mtu. Mvua za Juni zikivikuta ardhini vinaoza, kwa hiyo tangu alfajiri nilikuwa nimechuchumaa bustanini nikiving'oa peke yangu, mgongo ukiniwaka moto. Mume wangu alishafariki, akaniachia bustani na mama yake.

Siku hiyo mdogo wa marehemu, Gi-hwan, alikuwa njiani kutoka mjini Gwangju. Alishaniambia kwenye simu: akiona akili za mama zimeanza kupotea, anampeleka nyumba ya wazee wiki hiihii. Mama mkwe aliapa kwamba huko atakufa kabla ya vuli. Na mimi, kusema kweli, nilichoka. Kuna asubuhi nilitamani achukuliwe tu, nilale.

Asubuhi hiyo nilimpa mama mkwe kazi nyepesi: kuchuma machipukizi ya pilipili yaliyo chini ya panda ya kwanza, pale shina linapogawanyika. Mche unapata nguvu, nasi tunapata mboga ya kuunga kwa mafuta ya ufuta. Kazi hiyo ameifanya maisha yake yote. Nilipoinua macho, bakuli limejaa, na mstari mzima wa pilipili umekatwa vichwa. Machipukizi ya chini yako palepale. Nikakaa kwenye udongo.

Gi-hwan akaingia na viatu vyake vya mjini.

"Shemeji, mbona hapa kama wamepita mbuzi? Nani kafanya hivi?"

Mama mkwe akaitazama miche, kisha vidole vyake vya kijani.

"Mimi," nikasema.

Mama mkwe akanigeukia taratibu.

"Umezeekea nyumba hii na panda ya pilipili hujaijua? Marehemu mwanangu alioa sura tu, na sura yenyewe imeshakwisha."

Gi-hwan akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kwa ulimi huu, mama ni mzima kuliko sisi sote."

Akapakia gunia la vitunguu garini, akaaga, akaenda zake.

Gari lilipopotea, mama mkwe akaniletea maji, nusu yakimwagika njiani.

"Na siku nikikusahau wewe," akauliza, "utasema ni kosa la nani?"

Nilikuwa nimechoka, hata kulia siwezi. Nikanywa maji, nikamwambia akakae kivulini, nikainamia mstari wa vitunguu uliobaki.