Ukuta Uliozeeka Ijumaa Alasiri

Mama yake fundi cherehani alikuwa na miezi minane hajakanyaga ardhi. Si kwamba alikuwa mgonjwa wa kufa, la. Ulimi wake ulikata kama wembe na sahani yake ilirudi jikoni imelambwa. Magoti tu ndiyo yaliyomgomea, nayo yalichagua kugoma akiwa ghorofa ya tatu, katika nyumba ya kupanga ambayo ngazi zake bila shaka zilijengwa na mtu aliyegombana na bibi yake. Siku za kliniki, mpagazi wa sokoni alimteremsha mgongoni, naye njia nzima anamwelekeza: "Polepole, baba, mimi si gunia la mkaa."

Fundi, binti yake, alikuwa na kiwanja. Kidogo, mita kumi na tano kwa ishirini, lakini chake. Alitaka kujenga hapo vyumba viwili vya chini, visivyo na ngazi hata moja, ili mama atoke kitandani, avute hatua nne kwa mkongojo, awe nje. Basi. Wapo watu wanaotaka kufika mwezini. Yeye alitaka mama yake afike uani.

Kwa bahati, mwaka huohuo Halmashauri nayo ilikuwa na matakwa yake. Jumatatu asubuhi likabandikwa tangazo: kuanzia wiki ijayo mtaa ule si wa makazi tena, ni wa maghala. Anayetaka kujenga nyumba ya kulala alete ramani kamili ya kiwanja na igongwe mhuri wa kupokelewa kabla ya saa kumi alasiri siku ya Ijumaa. Atakayechelewa asihuzunike, anaruhusiwa kujenga ghala. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa mwaka jana, lakini wakubwa hawapendi kuwaharakisha watu.

Fundi akafunga duka lake akaenda dirisha namba nne. Hapo alikaa karani ambaye watu walimwita Bwana Nakala, kwa kuwa kila kitu alikitaka mara sita.

"Nyumba ya vyumba viwili," fundi akasema. "Ya mama yangu. Nani atanichorea?"

"Vyumba viwili unaruhusiwa kuchora mwenyewe, mama. Halmashauri inawajali wananchi." Akamsukumia karatasi. "Masharti ni haya. Ishirini na matatu."

Fundi alikuwa amesoma hadi darasa la saba, na la saba lenyewe alilikuta likiwa na mwalimu mmoja. Lakini kusoma alijua. Ramani ionyeshe mipaka yote. Ionyeshe upande wa kaskazini. Ionyeshe kila mti wenye shina nene kuliko paja la mtu mzima. Ionyeshe maji ya mvua yatatoka wapi na yatakwenda kwa nani. Sharti la kumi na nne: kila njia inayopakana na kiwanja isipungue mita sita, ili gari la zimamoto lipite. Sharti la kumi na tisa: mchoraji aape kwamba vipimo vyote ni kama vilivyo chini, na akidanganya ramani yake itupwe.

"Gari la zimamoto mnalo?" fundi akauliza.

"Bado. Lakini njia tunayo."

Jioni mama alipoona karatasi ile alicheka mpaka akashika mbavu. "Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai, mama. Hicho nilikitegua nikiwa na meno ya utoto."

"Umekosa. Nipe mji."

"Chukua mji wote, na lile dirisha namba nne ndani yake."

"Nimekwenda, nimefika, nimekaa kitako nikala na kunywa. Jibu ni nyumba unayonijengea. Haina mlango, haina ukuta, na bado nimeambiwa imekaribia kwisha."

Jumanne fundi akaenda kiwanjani na wifi yake, mwanamke mnene wa maneno, aliyekubali kushika ncha ya pili ya tepu kwa sharti la kulalamika. Tepu yenyewe ilikuwa ile ya kupimia viuno, mita moja na nusu tu. Kwa hiyo walikipima kiwanja kama wanavyopima mteja mkubwa, kipande kwa kipande, wakichomeka kijiti kila tepu ilipoishia.

"Kifua hiki hakiishi," wifi akasema akihema. "Una hakika hakijanenepa tangu ukinunue?"

"Shika hapo, wifi. Kiwanja hakivuti pumzi ndani kama wewe ukipimwa gauni."

Jumatano fundi akatandaza karatasi ya kaki juu ya meza ya kukatia, akashika chaki na rula. Skeli ilikuwa sentimita moja kwa mita moja. Alichora vizuri, mistari imenyooka, kona zimekaa. Nakala sita. Saa nane yuko dirishani.

Bwana Nakala akapima kwa rula yake. Akapima tena. Akamwita karani wa dirisha namba tano aje aone.

"Mama, kiwanja chako kina mita kumi na tano kwa ishirini?"

"Ndiyo."

"Hapa kina ishirini kwa ishirini na tano. Umemeza barabara mbele, nyuma umemeza njia, na huku jirani umemwachia choo tu."

Fundi akainama akatazama. Inchi moja! Kuzunguka kiwanja chote, pande nne, ilikuwapo inchi moja safi ya ziada. Mikono yake ilikuwa imekata nguo miaka thelathini na minne, na haikujua kuchora kitu chochote duniani bila kukiachia nafasi ya mshono.

"Hiyo ni ya kukunjia ndani," akasema polepole. "Ukishona haionekani."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mzee mmoja nyuma akasema, "Mwacheni mama, wenzake wakimeza barabara hawakunji ndani." Bwana Nakala peke yake hakucheka. Alirudisha nakala zote sita, akaziweka sawa kwanza ili zirudi kwa heshima.

Alhamisi fundi akachora upya, safari hii mkono wa kushoto ukiushika wa kulia usirudie mazoea. Na kwa kuwa njia ya nyuma alikuwa ameikadiria kwa macho, akarudi na wifi kuipima. Ilikuwa imepakana na bohari la Halmashauri, lile la kuegesha matingatinga, lenye ukuta mrefu uliojengwa mwaka jana na kupakwa chokaa juzi. Wakalaza tepu kutoka jiwe la mpaka hadi ukutani. Mita nne. Wakapima tena. Mita nne.

"Ramani ya mtaa inasema sita," wifi akasema.

"Ramani ya mtaa haikuushauri ukuta."

"Sasa utachora ngapi?"

Kila jibu lilikuwa na mwiba. Akichora nne, sharti la kumi na nne linamkataa. Akichora sita, sharti la kumi na tisa linamkataa, na ameapa uongo juu yake. Na mama yuko juu kule, anahesabu nyufa za dari. Akachora nne.

Ijumaa saa tano akaupata uso wa Bwana Nakala, nao ulikuwa uleule.

"Njia ni nyembamba, mama. Haipiti."

"Kwa sababu ukuta wenu umekaa juu yake."

"Sogeza ukuta."

"Nisogeze ukuta wa Halmashauri? Mimi na chaki yangu?"

"Kwenye karatasi, mama. Mita mbili tu. Nani atajua?"

"Sharti la kumi na tisa litajua. Niandikie hapa, 'Nimemwagiza asogeze ukuta,' weka sahihi yako, nami nausogeza hadi uvuke mto."

Bwana Nakala akaiangalia kalamu kama mtu aliyepewa nyoka amshikie. Kisha akapata wazo lililomfurahisha. "Tepu yako ndiyo mbovu. Tepu ya magauni haiwezi kupima ardhi."

Fundi alikuwa ameyasikia maneno hayo mara elfu, kutoka kwa akina mama waliokuja kushonewa nguo za harusi. Mteja aliyenenepa hulaumu tepu, na mwenye akili habishani naye. Humwambia ajaribu mwenyewe.

"Basi lete yako," akasema. "Sharti la ishirini na mbili: karani ana haki ya kukagua kiwanja. Ni mwendo wa dakika kumi. Au haki hiyo imeandikwa kwa ajili ya mapambo?"

Foleni ikasogea karibu ili isikie vizuri. Bwana Nakala alikuwa amekaa dirisha lile miaka kumi na mmoja, amekataa viwanja zaidi ya elfu, na hakuna hata kimoja alichowahi kukiona kwa macho. Akafungua droo akatoa tepu ya chuma ya ofisi, mpya, bado imo ndani ya nailoni yake.

Saa nane walikuwa nyuma ya bohari, viatu vyeusi vya karani vimezama topeni. Fundi akashika ncha kwenye jiwe la mpaka. Karani akavuta tepu hadi ukutani, akachuchumaa, akasoma. Akafuta tepu kwa kitambaa, akasoma tena.

"Inasema ngapi, mwanangu?"

"Mita tatu na sentimita tisini."

"Loo. Basi ya magauni iliwaonea huruma."

Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini hawakusema nini humpata nyani siku anapopelekwa kulipima mwenyewe. Bwana Nakala alisimama pale, chokaa mpya imemwachia alama nyeupe begani, akitazama juu na chini kama anayetafuta mtu wa kumlaumu. Kisha, ghafla, akauliza, "Huyo mama yako ana miaka mingapi?"

"Themanini na mmoja. Ghorofa ya tatu."

"Hm," akasema. Wakarudi ofisini.

Saa tisa na nusu Bwana Nakala akaingia na ramani chumba cha mkuu wa idara na kufunga mlango. Sauti ya mkuu ikasikika hadi kwenye foleni: "Umekwenda wapi? Nani alikutuma uende?" Kisha minong'ono, ile ya watu wazima wanaoficha chungu kilichovunjika. Saa ya ukutani ilipofika kumi kasoro dakika saba, mlango ukafunguka.

Bwana Nakala akazilaza nakala sita mbele ya fundi. Vipimo vyake havikuguswa. Lakini juu ya mstari wa ukuta wa bohari maneno yalikuwa yameandikwa kwa wino mwekundu, na sahihi ya mkuu chini yake: *Jengo la kale. Lilikuwepo kabla ya kanuni. Njia isihesabiwe.*

Fundi akasoma mara mbili. Ukuta ule aliuona ukijengwa. Aliwapikia mafundi wake chai.

"Kumbe ni wa kale," akasema.

"Wa kale sana."

"Umetunzwa vizuri."

"Mama," karani akasema kwa sauti ya chini, "unataka mhuri, hutaki mhuri?"

Uongo ule haukuwa wa chaki yake. Aliyeuandika ameutia sahihi. Fundi akasogeza ramani mbele, nao mhuri ukashuka mara sita, kishindo baada ya kishindo.

Jumamosi asubuhi mpagazi akamteremsha mama ngazi zote, akampandisha kwenye mkokoteni uliotandikwa mto, wakaenda kiwanjani. Wifi alikuwa amekwisha kuchomeka vijiti na kuzungusha kamba pale vyumba vitakapokaa. Mama akakalishwa kwenye kiti, akavua ndala, akaziweka nyayo zake juu ya mchanga. Akausugua kwa vidole vya miguu, kama mteja anayejaribu kitambaa.

"Mlango uko wapi?" hatimaye akauliza.

"Hapo, mama. Unatazama barabarani."

"Sitaki barabara. Barabarani kuna vumbi na watu wa kuamkiwa. Ugeuzeni utazame huku, kwenye jua la asubuhi."

Fundi akaidaka kamba kabla wifi hajaigusa. "Mama, mlango ukihama ramani inarudi dirishani. Na dirisha likifunguliwa Jumatatu, huu ni mtaa wa maghala."

Mama akaitazama kamba, akamtazama binti yake, akalitazama jua.

"Haya, basi msiuguse," akasema. "Nigeuzieni kiti."